Laini Dukani, Limelala Sebuleni: Uzi wa Zulia Unachaguliwaje?

Mnunuzi wa zulia huja dukani na kipimo kimoja tu: kiganja. Anaingia Kariakoo au Eastleigh, anapapasa, anazamisha vidole kwenye manyoya, anasema "hili laini," kisha anaanza kupatana bei. Muuzaji naye ameshamjua. Ndiyo maana mazulia ya manyoya marefu yametandazwa mbele, na yale mafupi yameviringishwa na kusimamishwa ukutani kwa nyuma. Baada ya miezi michache njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi imechoreka katikati ya sebule, manyoya yamelala na hayaamki, na lawama anabebeshwa Mchina au Mturuki. Mara nyingi kiwanda hakina kosa. Uzi umefanya kile ambacho uzi wa aina ile hufanya siku zote, ila ulipelekwa kwenye kazi isiyo yake.

Mazulia mengi ya madukani kwetu yamefumwa kwa moja ya nyuzi nne za kiwandani, zote zikiwa na asili ya mafuta ya petroli na gesi: polipropilini, ambayo kwenye lebo huandikwa PP; poliesta, huandikwa PES; akriliki, huandikwa PAN au kwa jina lake lote; na nailoni, huandikwa PA. Kuziita zote "plastiki" si uongo, lakini hakukusaidii kununua. Ndoo ni plastiki na kamba ya kuanikia nguo ni plastiki, na hakuna anayechotea maji kwa kamba.

Ukitaka kuzielewa nyuzi hizi bila kukariri sifa kumi za kila moja, uliza jambo moja: kule kiwandani, rangi iliingiaje ndani ya uzi? Njia iliyopitia rangi kiwandani ndiyo itakayopitia juisi nyumbani.

Tuanze na nailoni, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na kikosi cha Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Molekuli zake zina sehemu zinazovuta maji kiasi na kushika rangi za jamii ya asidi. Katika hewa yenye unyevu wa wastani, kilo moja ya nailoni hubeba takriban gramu 40 za maji bila wewe kuhisi ubichi wowote. Kiwandani uzi huo huchovywa kwenye maji ya rangi yanayokaribia kuchemka, rangi inaingia na kukaa. Sasa chukua juisi ya unga, ile nyekundu ya watoto. Rangi nyingi za vyakula ni za jamii hiyohiyo ya asidi. Ikimwagika kwenye zulia la nailoni lisilotiwa kinga ya madoa, mtoto wako anaendeleza tu kazi iliyoanzia kiwandani. Chai ya moto ni mbaya zaidi kuliko juisi ya baridi, kwa kuwa joto hulegeza uzi na kuifungulia rangi mlango. Na ukikimbilia Jik, klorini inaondoa doa pamoja na rangi ya zulia, kisha inaanza kuula uzi wenyewe.

Polipropilini ni kinyume kabisa. Giulio Natta alipoipata katika hali yake ya kufaa kwa nyuzi, huko Milano mwaka 1954 (kazi iliyompa Nobel ya kemia mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler), alipata plastiki isiyo na mahali pa kushikia maji wala rangi. Ukiuchovya uzi wake kwenye rangi, unatoka kama ulivyoingia. Kwa hiyo viwanda huchanganya rangi na plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla haijavutwa kuwa uzi. Rangi inakuwa imo ndani, mwanzo hadi mwisho wa uzi, kama ilivyo kwa karoti na wala si kama figili ambayo ukiikwaruza unakuta nyeupe. Juisi ikimwagika juu yake inakaa hapo ikingoja kitambaa. Mkojo wa mtoto, chai ya maziwa, wino wa maji, vyote hufutika kirahisi. Ile mikeka ya plastiki ya kutandika barazani na kwenye misiba, inayooshwa kwa bomba na kuanikwa ukutani, imefumwa kwa uzi huu huu.

Poliesta iko katikati. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Dickson, nayo ndiyo plastiki ya chupa za maji. Chupa nyingi zilizookotwa huishia kuwa zulia. Poliesta hukubali rangi, ila kwa taabu: viwanda huichemsha ndani ya mitungi yenye mgandamizo hadi nyuzijoto 130 hivi ndipo rangi ipenye. Sebuleni kwako hakuna kitu cha kufikia joto hilo kwa kumwagika, kwa hiyo madoa ya maji yanashindwa kuingia.

Hapo utaona kwa nini muuzaji akisema "hili halishiki doa" huenda anasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Polipropilini na poliesta hazipendi maji; mafuta zinayapenda sana. Nyumba zetu zina mafuta. Tunavua viatu mlangoni na kukanyaga zulia kwa miguu iliyopakwa mafuta ya mgando au ya nazi. Watoto wanalala juu yake na nywele zilizopakwa. Sinia la pilau linashushwa chini. Mafuta hayo hayaonekani siku ya kwanza. Yanajipaka kwenye uzi, vumbi linayanasa, na baada ya muda kunatokea ile kijivu-kijivu ambayo watu huiita kuchakaa. Mara nyingi ni uchafu wa mafuta tu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo, maji ya vuguvugu, na kusuuza sana hadi sabuni yote itoke, hurudisha sehemu kubwa ya sura ya awali. Sabuni iliyobaki nayo hunasa vumbi, na hapo ndipo wengi wanapokosea: zulia linaoshwa kwa povu la kutisha na kusuuzwa kwa ndoo moja.

Mchuzi wenye manjano ni mtihani wa peke yake, kwa sababu rangi ya manjano huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na hivyo hupanda gari la mafuta hadi ndani ya uzi. Ondoa mafuta kwanza kwa sabuni, kisha anika. Jua hufifisha manjano vizuri kuliko dawa nyingi za dukani.

Akriliki nitaipitia haraka. Ilibuniwa iigize sufu, na inaigiza vizuri: ni nyepesi, ina joto la mguso, hushika rangi kali na hustahimili jua kuliko hizi nyingine. Mazulia mengi ya maua ya Gaziantep huko Uturuki na Kashan huko Iran, yale yanayofumwa kwa mashine yakifuata michoro ya mkono, yametumia akriliki. Udhaifu wake ni kutoa vinyweleo na vidonge-vidonge pale panapokanyagwa sana, na kushika moto haraka.

Sasa lile la kulala. Tofauti ya nyuzi hapa ni kubwa. Nailoni ikipindwa hurudi; hata mguu wa kochi ukiiachia shimo, mvuke kidogo huliinua. Ndiyo maana hoteli na ofisi hununua nailoni ingawa ni ghali na inashika madoa: wao wana wafanyakazi wa kusafisha, lakini hawana namna ya kuwazuia watu kupita. Polipropilini ikipindwa mara nyingi huzoea umbo jipya na kubaki nalo. Poliesta ni afadhali kidogo. Ipo ndugu ya poliesta inayorudi vizuri sana, ambayo Marekani ilipewa jina la lebo la triexta mwaka 2009. Walioko kule wataikuta madukani, huku kwetu ni nadra.

Ila kuna jambo linalozidi aina ya uzi, nalo ni unene wa kila unyuzi. Ugumu wa unyuzi kupinda hutegemea unene wake kwa kipeo cha nne. Maana yake, ukichukua unyuzi wa plastiki ileile na kupunguza unene wake kwa nusu, unapinda kirahisi mara 16. Hicho ndicho kiganja kinachokisikia kama ulaini. Zulia la manyoya lililotengenezwa kwa poliesta nyembamba sana ni laini kwa sababu kila unyuzi hauna nguvu ya kukataa kidole. Nyuzi zilizoshindwa kukataa kidole zitashindwaje kulala chini ya mtu wa kilo 80 anayepita mara hamsini kwa siku? Kile kinachomfurahisha mnunuzi dukani ndicho kinachomkera akishafika nyumbani, na hakuna kiwanda kinachoweza kukupa vyote viwili kwa bei ya chini.

Kinachoweza kuokoa uzi dhaifu ni msongamano. Nyuzi zikisimama karibu-karibu hushikana mabega, hakuna pa kuangukia. Hesabu yake si ngumu. Chukua mazulia mawili yenye uzito sawa wa manyoya kwa kila mita mraba, moja lina manyoya ya milimita 10, jingine ya milimita 30. Plastiki ni ileile kiasi, lakini lile fupi limesongamana mara tatu. Ndefu limekuuzia urefu, fupi limekuuzia uimara. Dukani huhitaji kipimo chochote: kunja kona ya zulia manyoya yakitazama nje, kama unavunja mkate. Ukiona mgongo wa zulia waziwazi kati ya mistari ya manyoya, lirudishe. Likikataa kufunguka, endelea na mazungumzo ya bei.

Mazulia ya kufumwa ya Kituruki na Kiirani huandikwa pia namba kama 500, 700, 1000 au 1200. Hiyo ni idadi ya mistari ya manyoya katika upana wa mita moja. Kubwa ni bora, mradi usisahau kuwa inahesabu upana peke yake. Mishono ya kwenda urefu nayo ina idadi yake. Na kwenye polipropilini tafuta maneno "heat set". Yanamaanisha uzi ulisokotwa kisha ukapitishwa kwenye joto ili ushike msokoto wake. Uzi wa namna hiyo hausambaratiki nchani, hauna ule mng'ao wa kamba ya plastiki, na husimama muda mrefu zaidi ya ule ambao haukupitishwa.

Joto. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hadi 165. Pasi ya kunyooshea pamba inafika 200 bila shida, kwa hiyo wale wanaonyoosha kanga juu ya zulia, shuka likiwa ndilo kinga pekee, wanacheza kamari. Kwa watu wa Pwani na wa Muscat kuna chetezo: kipande cha kaa kikidondoka wakati wa kufukiza udi huacha shimo jeusi gumu ambalo hakuna fundi wa kuliondoa. Hata kuburuta kochi zito huzalisha joto la msuguano la kutosha kuacha mstari unaong'aa kwenye polipropilini. Inua, usiburute. Poliesta huvumilia hadi 250 na ushee, nailoni kati ya 220 na 260 kutegemea aina, lakini hakuna hata moja inayopona kaa la moto. Sufu peke yake ndiyo hujizima, na sufu ina bei yake.

Kuna pia ule umeme wa kushtukiza ukigusa kitasa. Nailoni na akriliki huuleta pale hewa inapokuwa kavu. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji hata kuusoma mstari huu. Wa Dodoma wakati wa kiangazi, au aliyeko Ulaya wakati wa baridi na kipasha-joto kimewashwa, anajua ninachosema.

Lebo inayosema "PP 100%" inazungumzia manyoya. Haizungumzii mgongo. Mgongo unaweza kuwa juti, ile ya magunia, au pamba, na juu yake gundi ya mpira. Uzi wa polipropilini hauozi hata ukilala majini mwezi mzima. Juti inaoza, inanuka, na maji yake ya kahawia hupanda juu na kuchafua manyoya. Hapa kwetu adui ni deki. Nyumba inapigwa deki kila asubuhi, maji yanaingia chini ya ukingo wa zulia, sakafu ya saruji nayo inapandisha unyevu wake, na zulia halijawahi kuinuliwa tangu Idi. Kama unaishi ukanda wa joto na unyevu, chagua mgongo wa kiwandani kuliko wa juti, na liinue zulia lipigwe na upepo chini yake. Gundi ya mpira ikizeeka hugeuka unga. Ukikuta unga wa rangi ya mchanga sakafuni chini ya zulia, sio mchwa, ni mgongo unaokwisha.

Na kama lebo imekatwa, au humuamini aliyeiandika? Unaweza kujua uzi jikoni kwako, kwa glasi mbili. Chomoa nyuzi chache kutoka ukingoni, zifunge fundo dogo la ukubwa wa punje ya mchele. Lilowanishe kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo na ulibinye kwa vidole hadi mapovu yote ya hewa yatoke. Usiruke hatua hiyo, maana hewa iliyonaswa huelesha hata kitakachozama. Glasi ya kwanza iwe na maji matupu. Fundo likielea, ni polipropilini. Uzito wake ni kama gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo, ndiyo pekee kati ya hizi iliyo nyepesi kuliko maji. Likizama, lihamishie glasi ya pili, yenye maji uliyokoroga chumvi hadi ikakataa kuyeyuka tena. Glasi ya mililita 250 itakula karibu gramu 90 za chumvi, kwa hiyo usishangae. Maji hayo yana uzito wa takriban 1.2. Nailoni (1.14) na akriliki (1.17) zitapanda juu, akriliki kwa uvivu. Poliesta (1.38) itabaki chini.

Kuitenga nailoni na akriliki unahitaji moto: nje, juu ya sahani ya bati, uzi ukishikwa kwa kibano. Nailoni hujikunja ikikimbia mwali, huyeyuka na kuacha tone gumu. Akriliki huwaka kwa fujo na moshi mweusi, ikiacha makaa meusi yanayovunjika. Na uzi uliozama glasi zote mbili, ukiuchoma ukasikia harufu ya nywele zilizoungua, pongezi, umeuziwa sufu.

Kuna mwingine atakayezama glasi zote mbili bila kuwa poliesta, naye ni viskosi, anayeuzwa kwa majina ya "hariri ya mianzi" au "hariri bandia". Huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Si plastiki, ni selulosi ya miti iliyoyeyushwa na kuvutwa upya. Anang'aa, anapendeza, anateleza mkononi kama hariri ya kweli. Akilowa anapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na baada ya kukauka anakuwa mgumu na wa njano. Kwa nyumba yenye mtoto, chai na mgeni, simshauri mtu. Lowanisha uzi na uuvute: ukikatika kirahisi kuliko ulipokuwa mkavu, umemkamata.

Basi ununue lipi? Kwa sebule ya familia inayokula, kusali, kucheza na kulaza wageni palepale, mimi nachukua polipropilini fupi iliyosongamana, ya heat set, manyoya yasiyozidi milimita 12 hivi, yenye michoro mingi kuficha njia za miguu. Si laini, na mke au mume anaweza kununa siku ya kwanza. Poliesta ya manyoya marefu naipeleka chumbani, upande wa kitanda unaposhukia, ambako inakanyagwa na miguu miwili mitupu asubuhi na jioni. Pale itakaa miaka ikiwa laini. Sebuleni, tena kama unafagia kwa ufagio wa chelewa na huna mashine ya kunyonya vumbi, manyoya marefu ni ghala la mchanga, na chembe za mchanga zina ncha kali zinazokata nyuzi kila unapokanyaga. Akriliki ninaiweka kwenye sebule ya wageni, ile isiyofunguliwa ovyo, au dirishani panapopigwa na jua. Nailoni nainunua ngazi na korido, nikiipata, na rangi yake iwe ya kuchanganyika-changanyika.

Kama tayari una lile la manyoya marefu na liko sebuleni, lizungushe robo mara kwa mara ili njia ya miguu isiwe moja, na likung'utwe vumbi kwa nyuma, manyoya yakitazama chini, kabla halijafagiliwa juu.

Siku litakapochoka kabisa, usilichome uani. Akriliki na nailoni zina naitrojeni ndani yake, na moshi wake hubeba gesi ya sianidi. Likate vipande, uweke kwenye buti la gari au kwenye banda la mbuzi. Plastiki hiyo itadumu huko kuliko ilivyodumu sebuleni.